Kijeba wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mbuzi amefika. Aibu! Beberu niliyemwahidi mama mkwe mbele ya ukoo mzima, nikapigiwa vigelegele, ananifika magotini. Nilimnunua kwa simu bila kumwona. Muuzaji aliapa kwamba ni mtu mzima. Kweli ni mtu mzima: ndevu anazo, meno yametimia, harufu ndiyo usiseme. Kimo tu ndicho kilichokataa. Mwanyumba wangu, yule fundi magari aliyemwoa dada wa mke wangu, alipita kuchungulia. Akauliza kama mama yake mbuzi atakuja kumchukua jioni. Kisha akasema hicho ni kijeba, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye alimpelekea mama mkwe ng'ombe. Mpenda sifa mkubwa!

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi nimefungua kamusi ya mke wangu. Kijeba: mkubwa wa umri, mdogo wa umbo. Nikarudi kwenye J. Jeba: mtu mwenye umbo kubwa. Nikaruka! Kumbe neno limezaliwa na ukubwa! Na hiyo "ki" ya mbele, nani kasema ni ya kudogosha? Kiongozi anayo. Kitabu kinayo. Basi nimeamua: vijeba ni mbegu ya kale, mbuzi wa majumba ya wafalme. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alisema maana ya neno haiamuliwi na mtu aliyevaa taulo. Wivu.

Jumatano, 5 Juni
Mimi ni mchora vibao. Mwenye saluni anasubiri chake, na aendelee kusubiri. Leo nimechora KIJEBA: MBEGU YA KIFALME. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Nimekipigilia juu ya banda. Mbuzi nimemwosha kwa sabuni ya uso ya mke wangu. Ameila.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe amekuja, kaletwa na mwanyumba kwa gari. Akasimama mbele ya kibao, akakisoma polepole. Nikaanza hotuba yangu. Jeba, ki, wafalme, vyote. Mke wangu akanikanyaga mguu, nikadhani ananihimiza. Nikasema kijeba ni kiumbe wa ajabu, mzee mzima mwenye kimo cha mtoto! Mwanyumba akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Amevaa ndala.

Hapo ndipo nilipomtazama mama mkwe. Kitasa cha mlango wetu kinamfika begani. Miaka yote hii nimekuwa nikiinama kumwamkia, nikidhani nainama kwa adabu tu.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema taratibu, "Asili ya neno hilo naijua, baba. Lilitoka mdomoni mwa shangazi yangu, siku ya harusi ya dada, aliponitoa kwenye picha. Nimeitwa hivyo mpaka nikaolewa. Mfalme sikumwona."

Laiti ardhi ingepasuka! Ikagoma. Mama mkwe akamfungua mbuzi mwenyewe, akamfuta povu mdomoni, akasema huyu atamchukua, wataelewana. Kibao nibaki nacho.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshusha kibao. Nyundo ikanipata kidole. Stahili yangu. Jioni tukaenda kuomba radhi. Mama mkwe alikuwa akimlisha mbuzi majani kiganjani, wanatazamana kama watu waliosoma pamoja. Akaniambia samahani haihitaji hotuba, niseme, ninyamaze. Nikasema samahani. Nikanyamaza. Kisha nikaona nifafanue kidogo ile "ki". Mke wangu alinivuta kwa ukosi mpaka nje.

Jumapili, 9 Juni
Nimetubu. Sasa napima maneno. Na mambo yanaanza kuninyookea: baba mkubwa wa mke wangu anakuja wiki ijayo, nami nimempatia jogoo. Pandikizi la jogoo! Manyoya kama dhahabu! Amepungukiwa jicho moja tu. Mwanyumba amesema huyo ni chongo. Anajua nini yule? Neno zito kama chongo haliwezi kukosa historia tukufu. Nimeshaanza kuitafuta. Nimemwuliza mke wangu kama baba mkubwa anapenda asili ya maneno. Alisema tu kwamba mzee havui miwani yake myeusi hata akiwa ndani.

Safi kabisa. Mtu wa fasheni huyo. Tutaelewana.