Mama Mkwe Atembezwa Buwanuka

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe anakuja. Jumamosi hii! Nafuna, mke wangu, amenipigia simu mchana nikiwa dukani Kansanga napima misumari. Alikwenda kwao Kimilili, Kenya, mwezi wa Aprili kujifungua, na mama yake akakataa kumrudisha, kwa sababu kila nikipiga simu anasikia muziki wa baa iliyo nyuma ya chumba changu hapa Kisugu. Akasema mjukuu wake hatalelewa ulevini. Whitney ana miezi mitatu sasa. Sijamshika hata mara moja.

Kosa ni langu. Mwezi jana nilimwambia Nafuna kwamba nimehama, naishi Buwanuka, mji mdogo nje ya Kampala, kimya, hewa safi, ng'ombe. Buwanuka sijawahi hata kushuka. Nimeona kibao tu nikipita na basi. Sasa mama anataka kuuona mji huo kwa macho yake. Akiridhika, mke na mtoto wanarudi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelala vibaya lakini nimeamka na akili. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na yeye haingii nyumbani kwa mkwe. Miaka mitatu ya ndoa, nimeuona mgongo wake tu, akikimbilia jikoni. Picha zangu anazifunika kwa kiganja. Kwa hiyo sihitaji nyumba! Nahitaji nyumba ya kuonyeshwa kwa mbali, na mtu wa kuionyesha.

Nimemwendea jirani yangu Olweny, polisi, Mwacholi, yuko likizo. Aliniuliza kwa nini nisimwambie mama ukweli. Nikamjibu kwamba mipango si kazi ya polisi. Amekubali kwa kuku mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa dukani nikaenda Buwanuka kukagua. Vya kuona: kisima cha pampu. Kahawa iliyoanikwa kwenye maturubai mbele ya kinu. Kanisa ambalo bado halijaezekwa. Bwawa la samaki lisilo na samaki. Mnada wa ng'ombe ulikuwa jana. Mvua ikaninyeshea mji mzima, ambao si mkubwa.

Nyumba nimepata: mabati mekundu, migomba, ng'ombe mmoja. Mlango umefungwa, hakuna mtu. Nimemchorea Olweny ramani, na nimerudi Kisugu na mafua.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina hamu ya kuandika.

Mama alishuka saa nne asubuhi, amechoka na safari ya usiku. Olweny alikuja na sare, jambo ambalo sikumwomba. Mimi nilifuata nyuma hatua hamsini, kofia imefunika macho. Mama alikisifu kisima. Kwenye kinu aliinama, akachota kahawa kiganjani, akainusa, akacheka. Olweny alieleza kila kitu kwa sauti ya gwaride: "Mama, hii town iko salama kabisa. Mwizi hapa hakuna. Wote tulifunga." Walielewana vizuri mno. Niliona wivu, nakiri.

Kisha nyumba. Mlango wazi! Mwanamke yuko uani anaanika nguo, watoto wawili wameshika gauni lake. Nikapunga mikono kama mwendawazimu, lakini Olweny ni mtu wa amri. Akafuata ramani. Akanyoosha kidole akamwambia mama hiyo ndiyo nyumba ya Makokha, yaani mimi.

Mama alisimama pale akiwatazama wale watoto. Olweny akaenda kumtafutia soda, akakutana na askari wenzake, akapotelea huko. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye benchi la muuza gonja, zile ndizi za kuchoma. Mama akanunua gonja moja, akaja kukaa benchi lile lile. Nilitaka kukimbia, nikaishia kuishusha kofia zaidi.

Akaniuliza kama mimi ni mtu wa hapa. Nikasema ndiyo, mama, hapa hapa. Basi akaanza kuongea, maana mtu huongea na asiyemjua. Alisema alitoka nyumbani akiwa ameshakata shauri. Hata angeonyeshwa chumba kimoja nyuma ya baa angekubali, kwa kuwa binti yake analia na mtoto anamhitaji baba. Alitaka tu mkwe asiyeficha mambo. Sasa ameonyeshwa mke mwingine na watoto wawili.

Akafuta machozi kwa leso. Akaivunja gonja yake katikati, akanipa nusu. Nikala. Nikala chakula mkononi mwa mama mkwe, mchana kweupe! Mdomoni nilikuwa na maneno matatu tu, mama, ni mimi. Nikasema pole sana, mama.

Alipanda basi la saa nane.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Baa ilianza muziki saa tatu asubuhi. Olweny amenishauri nipande basi leo leo, niende Kimilili nikaseme kila kitu. Nimemwuliza ni nani alinyoosha kidole. Ameondoka na kuku wake.

Jumanne, 12 Agosti

Nafuna amepiga simu. Sauti ndogo, kama mtu aliyekwisha kulia. Ameuliza kuhusu yule mwanamke. Ningeweza kusema ile nyumba si yangu, lakini angeuliza yangu iko wapi. Nikasema ni mpangaji. Akauliza, na watoto? Nikasema nao ni wapangaji.

Kisha akasema kuna jambo moja tu zuri mama yake alilorudi nalo. Alikaa benchi moja na mwanamume mpole, akamsikiliza mpaka mwisho, macho yake yamejaa machozi. Mama amesema kama mkwe wake angekuwa mtu wa namna ile, angemleta Nafuna na mtoto yeye mwenyewe, hata kesho.

Damu ilinichemka. Mwanamume wa benchi anasifiwa mbele ya mke wangu! Nikafikiri haraka. Nikamwambia Nafuna kwamba yule namjua, tapeli mkubwa, hana ukweli hata wa dawa, na mtoto wake mwenyewe hajawahi kumshika. Nikamsihi amwambie mama asimwamini kamwe.

Nilimsikia Whitney akilia karibu na simu. Nafuna akasema sawa, atamfikishia mama ujumbe, akakata.

Hilo nimelimaliza. Kesho naomba ruhusa tena dukani. Nasikia kuna mji mwingine mdogo, mbele kidogo ya Buwanuka, na ni kimya zaidi.