Mitaa ya Osaka, Nyuma ya Stesheni ya Makindu

Jumatatu, 6 Agosti 1934

Mpango umeiva! Mzee Ndolo amesema hatamwoza binti yake Kaluki kwa mtu asiyetembea dunia. Basi nimemwambia nilifika Osaka, kule Japani. Ukweli ni kwamba nilibeba magunia tu bandarini Kilindini, na meli za Wajapani niliziona kwa macho yangu. Amefurahi mno! Anataka kuonyeshwa mji wote, mtaa kwa mtaa. Asante Mungu kwa ulimi huu.

Jumatano, 8 Agosti

Nimechora Osaka mchangani, nikawatembeza wazee ndani. Huku mtaa wa wauza vitambaa. Kule mtaa wa michezo, taa mpaka asubuhi. Mzee Ndolo aliinua miguu kwa adabu asikanyage nyumba za watu.

Kaluki akapita na mtungi mgongoni, akauliza wanawake wa Osaka huteka maji wapi. Nikajibu kama ilivyo hapa kwetu: mtoni, wanachimba mchanga, foleni tangu alfajiri. Wazee wakawahurumia sana Wajapani.

Mara kicheko nyuma yangu! Bwana Abdulatif wa Mombasa, aliyefungua duka juzi. Kumbe alikuwa baharia. Kumbe Osaka alikaa! Akasema mji ule umejaa mifereji na madaraja, na mto wake haukauki mwaka mzima.

Wazee wakamgeukia yeye! Mto gani huo usiokauka? Mzee Ndolo akamwambia, "Bwana, unatuona sisi watoto?"

Alhamisi, 9 Agosti

Nimemwendea Abdulatif, nikamwambia ukweli wote na habari ya Kaluki. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akanipa chai na tende. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mzee Ndolo kusema kwamba upande niliouona mimi, yeye hakufika. Wala hakudanganya, maana upande huo haupo. Mtu mzima kukubali kuonekana mwongo kwa ajili yangu! Nimemshukuru sana.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimekubaliwa! Mbuzi wangu wamepokelewa!

Kaluki amenivuta kando. Alijua tangu mwanzo kwamba nadanganya. Lakini anasema mimi ni mwanamume wa kwanza kuikumbuka foleni yao ya maji, hata kwa uongo. Sistahili mke kama huyu. Ameniapisha nisiseme tena uongo wa Osaka, nami nimeapa kwa moyo wangu wote.

Wazee wanarudi kesho. Nimeshafagia mchanga. Tokyo, Kaluki hakuitaja.