Risasi Ambazo Lyle Hazipigi

Jumatatu, 4 Machi
Nimeokota maganda mia mbili ya risasi uwanja wa shabaha, nikitambaa kwa magoti. Nimeyaosha kwenye mashine ya vyombo ya Darlene, mke wangu, akiwa kwaya. Yameng'aa. Jioni akauliza mbona vijiko vinanuka baruti. Nikasema ni maji ya kisima.

Jumatano, 6 Machi
Nimeyajaza maganda baruti na vichwa vipya, yawe tena risasi za bastola, kwa mtambo wangu wa mkono, gereji. Kasha moja nikampelekea shemeji Lyle, kaka yake Darlene. Akashukuru. Akaliweka rafuni, juu ya makasha mengine manne. Yote yangu! Tangu mwaka juzi! Hajapiga hata moja. Akasema nisimwelewe vibaya, hapigi risasi zilizojazwa na mtu mwingine, hata za marehemu baba yake hakuzipiga. Hapa Montana wote husema hivyo. Nimeumia.

Usiku nimejaza nyingine ishirini za mashindano. Katikati nikampigia Lyle simu kumweleza nilivyo makini. Tuliongea nusu saa, mkono mmoja ukiendelea na kazi.

Jumamosi, 9 Machi
Mashindano ya klabu. Zawadi: paja la nguruwe la moshi. Risasi yangu ya tatu haikulia paa. Ililia pu, kama kitabu kilichoanguka. Nikataka kupiga ya nne. Lyle akanidaka mkono.

"Weka chini, shemeji. Hiyo imebaki ndani."

Kweli. Ganda halikuwa na baruti, fataki ya kitakoni peke yake ikaisukuma risasi, ikakwama katikati ya mtutu. Ya nne ingenipasulia bastola usoni. Wanaume wote wakaja kuchungulia, kila mmoja na kahawa yake. Kisha Lyle akashinda paja.

Jumapili, 10 Machi
Darlene amesema ikikwama nyingine, mtambo unauzwa. Lyle akaja na vipande vya paja. Alikuwa mpole, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamwomba tena apige risasi zangu. Mwishowe akakubali. Nijaze tano tu, bila simu, bila redio, bila jambo lingine lolote, na nimulike kila ganda kwa tochi nione baruti kabla ya kulifunga. Atazipiga Jumamosi mbele ya watu. Nilikwenda bafuni kupangusa macho.

Nimebandika somo ukutani: MEZANI JAMBO MOJA TU.

Alhamisi, 14 Machi
Gereji. Simu iko jikoni. Redio nimezima. Sijawahi kuwa makini hivi, na kwa kuwa siku hii inafaa kukumbukwa, naiandika hapa hapa, kalamu mkono wa kulia, mpini wa mtambo mkono wa kushoto. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu ilipita nikiandika neno "makini" hapo juu. Baruti niliitia. Nadhani. Imeshafungwa, tochi haisaidii tena. Ya nne, safi. Ya tano, safi.

Kwa nje zinafanana zote. Nimezipanga kwenye kasha na kuandika jina la Lyle kwa herufi nzuri.