Nilivyokwenda Makambako Kuchukua Fulu Fremu

Jamani, leo nimejidhalilisha. Na si kidogo. Makambako nzima ni mashahidi, na nina matope mpaka ndani ya soksi. Sasa hivi niko nyumbani kwangu Yakobi, huku Njombe, nimejifunika blanketi mbili, nasubiri maji ya kuoga yachemke. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa bodaboda, maana wao wataongeza chumvi.

Wengi mnanijua. Festo, mpiga picha. Yule wa pasipoti saizi pale mjini Njombe, na Jumapili mnaniona misheni kwenye ubatizo na kipaimara. Kamera yangu ni ile ndogo, ya wanaoanza. (Nilianza nayo miaka tisa iliyopita. Bado naanza.)

Kwa wasiojua, hizi kamera zina madaraja. Ile ndogo ni nyepesi, ina alama ya kijani, ukizungusha kitufe hadi hapo inafikiri yenyewe kwa niaba yako, na ina flashi inayochomoka kichwani bila kuulizwa. Kubwa haina kijani, haina flashi ya kuchomoka, inaamini kwamba mwenye nayo anajua anachofanya. Kanisani penye giza, ndogo inatoa picha chengachenga, bibi harusi anaonekana kama kamwagiwa pumba. Kubwa inatoa picha safi. Halafu kile kipande cha ndani kinachonasa picha, kwenye kubwa ni kipana. Simama mahali palepale, funga lenzi ileile: kubwa inawachukua watu wote, ndogo inawakata wa pembeni. Hiyo kubwa ndiyo sisi tunaiita fulu fremu.

Shikeni hilo neno.

Wiki tatu zilizopita niliandika kwenye grupu moja la biashara la huku kwetu: "Natafuta fulu fremu. Hata iliyotumika sawa, mradi shata iwe nzima." Shata ni kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga ukipiga picha. Kikichoka, kamera imekwisha. Ndiyo maana huwa tunauliza.

Dakika kumi hazikupita, nikapata ujumbe pembeni. Anaitwa Rehema, yuko Makambako. "Kaka, fremu ninayo. Shata nzima kabisa, mpya."

Moyo ukaruka! Nikauliza maswali yangu yote ya kitaalamu. Naomba niwawekee kama yalivyo, mniambie ningejuaje.

"Inavumilia mvua?" Maana zile kubwa zimezibwa, hata manyunyu ya kwetu haziogopi.

"Haivuji hata tone, kaka. Masika yote."

"Na vumbi?"

"Vumbi halipiti, nilishaziba kila mahali."

"Kwenye mwanga hafifu inafanyaje?"

"Ina mwanga mzuri, hata saa kumi na mbili jioni huwashi taa."

Saa kumi na mbili jioni! Bila flashi! Nikajua hii ndiyo yenyewe. Nikamwuliza ilikuwa ikitumiwa na nani, akasema ni fundi mmoja tu, mstaarabu, ameiacha vizuri. Nikasema basi, fundi picha mwenzangu. (Fundi cherehani, jamani. Alikuwa fundi cherehani.)

Kuna siku akaniuliza, "Utakuwa peke yako au na mwenzio?" Nikamwambia peke yangu. Akajibu, "Basi ndogo ingekutosha. Ninayo ndogo pia. Kubwa inataka mtu mwenye watu." Hilo jibu nililala nalo. Nilidhani anamaanisha wateja, lakini lilinichoma mahali ambapo si pa wateja.

Sasa hapa niseme ukweli, maana nikificha hamtaelewa kwa nini nilivaa koti. Mimi naishi peke yangu. Mama alibaki Matembwe, ndugu wametawanyika, na chumba changu kina kiti kimoja. Nikifunga kazi saa kumi na moja, neno langu la mwisho la siku ni "inua kidevu kidogo", na hapo namwambia mtu wa pasipoti. Basi Rehema akaanza kunitumia ujumbe wa sauti. Ana sauti inayocheka kabla ya kusema. Na kila jioni, lazima, ananiuliza: "Kaka Festo, umekula?"

Umekula! Mimi hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo tangu nihamie mjini. Siku nyingine nilikuwa nimekula, nasema bado, ili tu anigombeze. Zile sauti nilikuwa nazirudia nikiwa nasonga ugali, ili mle ndani pawe na mtu anaongea.

Kwa hiyo kufika wiki ya pili, kamera ilikuwa sababu tu. Nilikuwa namtaka mtu. (Nilishaanza hata kuwaza nitamwelezaje paroko, kwa sababu Rehema ni Mwislamu.) Nikawa naandika maneno ya kujipendekeza: "Ukinikabidhi, naivaa shingoni hapohapo." Anacheka. "Siku ya kwanza nitalala nayo kitandani." Anacheka mpaka sauti inakatika. Nikajiambia, Festo, una kipaji, kumbe ulikuwa hujapata wa kukusikiliza.

Mtauliza kwa nini mpiga picha mzima sikuomba picha. Niliomba! Akasema, "Kamera ya simu yangu imepasuka kioo, njoo uione kwa macho." Nikafurahi, maana kwenda kwa macho ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Leo asubuhi nikavaa koti nililovaa kwenye harusi ya kaka yangu. Nikajaza mfuko wa parachichi. Nikachukua mkanda mpya wa kuvalia kamera, na lenzi yangu moja nzuri inayoingia kwenye kubwa na ndogo. Nikaifunga kwenye kakamera kangu, ile lenzi ya kawaida nikaiacha nyumbani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na njia nzima nikawa nafanya mazoezi ya "Asalaam aleikum" kimoyomoyo.

Nikafika Makambako. Rehema alikuwa ananisubiri mbele ya safu ya maduka, kavaa dera na sweta juu yake. Umri kama wangu. Aliponiona akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Kaka Festo! Umekuja kweli!"

"Asalaam aleikum, dada. Kamwene."

(Salamu yao na ya kwetu, zote mbili kwa pamoja. Woga.)

Akapokea parachichi kwa mikono miwili, akashukuru, akasema, "Haya, twende nikakuonyeshe." Akainama mbele ya duka moja lililofungwa, akashika mlango wa bati wa kukunja kwenda juu, akausukuma. Kraaaaa! "Unaona shata ilivyo nyepesi?" Nikasema naam, naona, huku nikiwaza huyu dada anaitunza kamera mahali pazuri kweli. Tukaingia.

Mle ndani mlikuwa mtupu. Kuta nne, kalenda ya zamani, msumari, na ndoo imepinduliwa. Nikaangalia huku na huku. Nikaangalia nyuma ya mlango. Nikatoa mkanda wangu mpya mfukoni, nikaushika tayari.

"Huo mkanda wa nini, kaka?"

"Wa kuivalia. Iko wapi?"

"Nini?"

"Fremu, dada."

Akaniangalia usoni muda mrefu, kama anayesubiri nicheke kwanza. Sikucheka.

"Kaka Festo, si umesimama ndani yake?"

Jamani! Fremu! Fremu ya duka! Chumba cha kupangisha! Mimi, mtoto wa nchi hii, ninayepita mbele ya vibao vya "fremu inapangishwa" kila siku ya Mungu, nilisafiri kutoka Njombe kuja kukivaa shingoni chumba cha biashara!

"Mimi nilimaanisha ya kupigia picha," nikasema kwa sauti ya mtoto. "Fulu fremu. Kamera."

Rehema akakaa juu ya ile ndoo. Alikaa taratibu, mkono mdomoni. Halafu akapasuka. Alicheka machozi yakamtoka, akajifuta na mkono wa sweta, akaniangalia, akaanza upya. Kisha akageuza kichwa kuelekea duka la jirani, akaita kwa nguvu zake zote.

"Baba Shufaa! Baba Shufaa, njoo haraka! Yule mchekeshaji wetu amekuja!"

Baba Shufaa.

Akatokea mwanaume mrefu, mpole, mikono ina grisi, anauza vipuri vya magari. Nyuma yake wasichana wawili, na bibi mmoja kajitanda ushungi, ambaye niliambiwa ni mama mkwe wa Rehema. Wote wananitazama kwa furaha, kama mgeni waliyemsubiri siku nyingi.

"Ndiye huyu aliyetaka kulala na duka kitandani?" bibi akauliza.

"Ndiye, mama!"

"Na aliyeuliza kama fremu inaogopa vumbi?"

"Huyuhuyu!"

Yule bwana akanipa kiwiko nimsalimie, kwa sababu ya grisi. "Kaka, karibu sana. Umetuchekesha wewe! Kila jioni tukikaa kula, nauliza, Festo leo kasema nini? Watoto hawali mpaka ujumbe wako usomwe."

Nilidhani naongea na mtu mmoja. Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa nakaa kwenye mkeka wao, kila jioni, mimi peke yangu ndiye sikujua.

Nikajikaza, nikajaribu kuokoa kitu, hata kidogo. Nikamwambia Rehema, "Lakini dada, asante kwa kunijali. Kuniuliza kila siku kama nimekula."

Rehema akamwonyesha mumewe kwa kidole. "Mshukuru huyu. Yeye ndiye alikuwa ananiambia, huyo kaka kasema yuko peke yake, hebu muulize kama amekula."

(Jamani. Naomba dakika moja.)

Kumwonea wivu yule bwana nilishindwa, maana ndiye aliyekuwa ananijali kuliko wote. Nikabaki nakunja mkanda wangu, naukunjua, naukunja. Nadhani aliona, kwa sababu akabadilisha habari. "Basi kwa kuwa wewe ni mpiga picha na kamera unayo, tupige. Familia nzima, humu humu ndani. Na Bibi yumo."

Hapo nikapata uhai. Kazi ninaiweza. Nikawapanga: Bibi kwenye ndoo, wazazi nyuma, Shufaa kushoto, mdogo wake kulia. Nikaweka jicho. Shufaa hayumo. Ile lenzi niliyoileta kwa ajili ya fulu fremu, kwenye kubwa ingewachukua wote kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Kwenye kadogo kangu ilimkata Shufaa begani na mdogo wake sikio.

"Sogeeni karibu."

Wakasogea. Sasa Shufaa yumo, Baba Shufaa nusu.

"Rudi nyuma kidogo, kaka," Rehema akasema.

Nikarudi hadi kizingitini. Bado. Nikarudi hadi barazani. Bado sikio. Watu wakaanza kujaa, mama wa maandazi, vijana wa bodaboda, kila mtu ananiongoza. "Rudi tena! Bado kidogo!" Nami jicho limo kwenye kamera, naona familia inazidi kuwa ndogo na nzuri, wote watano wanaanza kuenea. Nikapiga hatua moja. Wakaenea! Nikapiga nyingine moja, ya usalama.

Hiyo ya usalama ilikuwa mtaroni.

Sitawaeleza maji ya ule mtaro. Mama wa maandazi humwaga hapo maji ya kuoshea vyombo, na si yeye peke yake. Nilikwenda chali, koti la harusi na vyote, kamera nimeinyanyua juu kwa mkono mmoja. Na kakamera kangu kale, kwa kuwa kanafikiri kenyewe, kakaona giza. Flashi ikachomoka. Kakapiga picha! Pwaa! Watu wakashangilia.

Baba Shufaa ndiye aliyeruka wa kwanza. Akanishika mkono huu, kijana wa bodaboda mkono ule, Rehema akashika kola, bibi anatoa maelekezo kutoka dukani. Wote wanacheka, na wote wananivuta. Nilipotoka nikakuta nami nacheka, sijui nilianza saa ngapi. Wakaninawisha miguu, wakanilisha wali maharage, Rehema akaniuliza kama nimeshiba, safari hii mwenyewe, bila kuambiwa. Halafu Baba Shufaa akanisindikiza hadi kwenye gari la Njombe, akaniambia nisiache kuwaandikia.

Sijui kama nitaandika. Nikiwaandikia sasa nitakuwa najua wanaonisoma ni wangapi, na sitajua niseme nini. Chumba kimya leo kuliko jana. Jana nilikuwa na wa kumuwaza.

Ila nimekagua kamera. Ya familia haikutoka. Ipo ile ya flashi tu: mawingu na kona ya bati. Lakini kijana mmoja wa bodaboda alipiga kwa simu wakati navutwa, na nasikia inazunguka kwenye magrupu kuanzia Makambako hadi Njombe. Ikikufikia, nakuomba usicheke, na usiifute. Nitumie. Ni picha pekee niliyonayo ambayo mimi nimo, na kuna watu wamenishika.