Thawabu Zilizo Chini ya Magoti

Kengeja,
Kusini Pemba.

Kwa Shehe Abdulsamad,
Imamu wa msikiti wetu.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shehe, kuna mlio mmoja haunitoki masikioni: kra! ya chupa tupu ya maji ikipondwa kwa kisigino, kisha "Alhamdulillahi." Huyo ni bibi yangu, Bi Asya, na gunia lake. Tangu alipokusikia kwenye kipaza sauti ukihutubia kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka, nyumba yetu haina raha. Kwa kuwa hotuba ilikuwa yako, naleta malalamiko kwako, kwa heshima zote.

1. Bibi amehodhi udhia wote. Kuanzia mlangoni kwetu mpaka barabara kuu, njia imesafishika kama sinia. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, nina nia safi na mgongo mzima, lakini sina cha kuokota. Juzi niliona ganda la ndizi, nikainama. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Liache hilo, n'shaliona mie." Nikamwuliza kama udhia nao huwekewa nafasi. Akaniambia nikatafute wangu, Pemba kubwa.

2. Mzee Mabruki mwenye duka hutupa karatasi za biskuti nje makusudi, na nikimtazama husema, "Namtafutia bibi yako thawabu, mwanangu." Naomba ufafanuzi: ikiwa mwokotaji hana cha kuokota bila mtupaji, je, mtupaji ana fungu lake? Na akiwa nalo, si atatangulia peponi yule anayetupa zaidi? Nauliza kwa sababu waumini wetu wakitoka kwenye maulidi huacha chupa uwanja mzima, nami kumbe sikujua kwamba walikuwa wakitenda kheri.

3. Mwalimu Benedicta, jirani yetu Mkristo kutoka bara, aliomba naye aokote takataka zinazoletwa na maji pwani. Bibi akamkabidhi gunia jipya. "Okota, mwanangu, Mungu ndiye mwenye kugawa." Mimi, mjukuu wake wa damu, sijapewa hata kipolo kilichotoboka.

4. Ijumaa iliyopita abiria mmoja alirusha chupa kutoka garini, na Bibi akaifuata katikati ya barabara. Gari la nyuma likafunga breki. Dereva akatoa kichwa: "Bibi wee, watafuta thawabu au watafuta kufa?" Bibi akamjibu, "Vyote vi karibu, baba. Nyie rusheni tu." Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemshika kwapani. Goti lilikataa kunyooka, na chupa haijamtoka mkononi. Shehe, sina bibi mwingine.

Kwa hiyo naomba utangaze kwenye khutba ijayo kwamba thawabu zote zilizo chini ya magoti ni za vijana. Wazee wabakiziwe za juu ya magoti: tasbihi, dua, na kutukosoa. Atakayekaidi anyang'anywe gunia.

Mama anakusalimu sana, na Mwalimu Benedicta pia. Mzee Mabruki naye anakusalimu, ingawa hajui barua inahusu nini. Bibi hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nimeandika. Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, mjukuu asiye na gunia,
Khairiya Nassor

Baada ya sahihi: Shehe, usitangaze chochote. Leo, Bibi akiwa bado kwenye uradi wa Alfajiri, nilimtangulia njia yote nikaimaliza. Alipotoka na gunia lake tupu alisimama akiitazama njia kama mgeni aliyefika karamuni vyombo vikioshwa. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Basi nimezimwaga takataka zangu zote juu ya baraza, pembeni mwa mahali anapokaa, asilazimike kuinama. Mzee Mabruki na mimi sasa tu kundi moja la watupaji. Bibi ameketi hapo, anaziponda chupa kwa viganja, moja baada ya moja. Kra! Alhamdulillahi.