Nimefungia Naisula Mayai

Jumatatu, 8 Machi 1999
Naisula, mke wa mwanangu Moses, ameingia mwezi wa tano. Tumbo tayari linamtangulia mlangoni. Vibaya! Kwetu mja mzito huachishwa maziwa na mafuta, mtoto abaki mdogo, atoke bila kusumbua. Mimi nilizaa saba hivyo. Lakini Adero, nesi wa kliniki hapa Kitengela, anamwambia ale mayai, maharagwe, maini. Eti damu yake ni kidogo. Adero mwenyewe amezaa wangapi? Mmoja! Nimefungia mayai yote kwa sanduku langu la nguo. Naisula nimemwambia kuku wameacha kutaga.

Jumatano, 10 Machi
Kuku hawana adabu. Yule mweupe ametaga mbele ya Naisula, kisha akatangazia mtaa mzima. Nikasema huyo ni wa jirani. Na hayo ya sanduku yangeoza na hili joto. Kutupa chakula ni dhambi. Nimekula manne. Jana pia manne. Mtu hujitolea kwa ajili ya mjukuu.

Ijumaa, 12 Machi
Kliniki. Naisula ameongeza kilo mbili! Kutoka wapi? Kumbe Khadra wa duka humpitishia maini na maziwa juu ya ua. Na kila asubuhi ananisalimia vizuri, mama hujambo, mama umeamkaje. Mnafiki!

Adero akamfunua jicho. Akasema damu imeanza kupanda lakini haijatosha, na siku ya kuzaa damu kidogo huua mama. Akauliza nani anamnyima chakula. Naisula akaangalia sakafu. Mtoto mzuri. Adero akaangalia kiuno changu, akaniuliza, shosho, na wewe uko mwezi wa ngapi? Benchi nzima ikacheka!

Baadaye akanipa ile pembe yao nisikilize tumbo la Naisula. Moyo wa mtoto unakimbia kama mbuzi ameona fisi. Machozi yakatoka. Ni vumbi.

Jumapili, 14 Machi
Nimeshindwa. Sitaki kuzika binti wa watu. Sanduku liko wazi, Naisula amekula mawili mbele yangu na nimenyamaza. Kimya kabisa!

Lakini Adero alisema mtoto wa umri huu anaanza kusikia sauti. Basi! Naisula alipolala mchana nikainama kwa tumbo lake, nikaongea na mtoto mwenyewe. Mama yako acha ale. Wewe kataa. Usimeze kila kitu unaletewa.

Akanipiga teke la shavu.

Amekubali.