Firigisi ya Mama Eugénie

Jumatano, 30 Julai 2025

Habari njema imefika. Mama Eugénie, mama mkwe wangu, ametuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Madeleine, mke wangu. Ijumaa, Siku ya Wazazi, twende wote kwake kijijini Kinsanga, kando ya ziwa, tukae mpaka Jumapili. Na Jumamosi atawaingiza wakwe zake. Hatimaye!

Nieleze, maana huenda wajukuu watasoma. Kwao Madeleine mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake. Hasemi naye uso kwa uso. Wakikutana njiani, mkwe anapisha, hata kama pembeni ni miiba. Mambo hukaa hivyo mpaka siku mama atakapomchinja kuku aliyemfuga mwenyewe, ampike, amwite mkwe na kumlisha tonge la kwanza. Hapo ndipo mkwe anakuwa mtu wa nyumba ile. Nimengoja miaka kumi na mitatu. Kila tukienda, nakula bukari, ugali wetu, nyuma ya nyumba ya jirani, nimeutazama ukuta. Mimi nililelewa Kambove na mjomba, mama simkumbuki. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyomwambia mtu.

Tatizo ni moja, jina lake Hervé. Ni mwanyumba wangu, tumeoa dada wawili. Ana jeep. Ana kazi kiwandani na anaitaja hata akiombwa asome tangazo kanisani. Mimi nilimwoa Madeleine, mdogo mtu, mwaka 2012. Yeye alimwoa Julie, dada mtu, mwaka 2019. Anadai ndiye mkwe mkubwa kwa sababu mke wake ndiye mkubwa. Upuuzi! Mkubwa ni aliyetangulia kuoa. Nimemwandikia hoja hiyo mara mbili kwenye WhatsApp. Alijibu kwa kidole gumba.

Si jambo dogo. Kuku ni mmoja. Kiti cha marehemu baba mkwe, anachokalia mkwe mkubwa siku hiyo, ni kimoja. Firigisi ni moja, nayo hupewa mkwe mkubwa.

Madeleine amesema mama yake ana miaka sabini na mitatu na hataki kuona anaaibishwa mbele ya watu kwa ujanja wangu. Nimemwahidi. Nimekaa mpaka chakula cha jioni nikipanga.

Ijumaa, 1 Agosti

Hervé alitoa nafasi kwenye jeep yake. Nimekataa. Mkwe mkubwa hafiki kwa mkwe mwenzake amebebwa. Nilikodi taksi ya jirani yetu Dan, tukaondoka Likasi alfajiri ili tufike wa kwanza. Aliyefika wa kwanza ameshakaa nusu ya kiti.

Taksi ilizima kabla ya Kapolowe. Dan alifungua boneti, akatazama ndani, akaifunga, akasema injini iko, haijaenda popote. Tulikaa saa nzima. Kisha jeep. Madeleine na watoto walipanda bila hata kuniuliza. Hervé alisema kuna nafasi nyuma, kati ya kreti za bia na magodoro. Nilisema nitabaki kumsaidia Dan. Dan alisema hahitaji msaada. Nilibaki.

Nilimalizia safari juu ya keria ya baiskeli ya muuza makala, yaani mkaa, aliyekuwa anarudi bila mzigo kutoka mjini. Vumbi la makala lote lilikuwa bado juu ya baiskeli. Halikubaki huko.

Pale mlangoni mwa kijiji, nani anakuja? Mama Eugénie, na beseni la makobo, samaki wa ziwa hili, wabichi, kichwani! Sheria ni sheria. Niliruka kushoto kumpisha. Kushoto palikuwa ziwa.

Alipita bila kunitazama, kama desturi inavyotaka. Ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ni baridi ya Agosti, nadhani.

Wakwe tumelazwa kwa Mama Germaine, mdogo wake Mama Eugénie. Nilimkuta Hervé ameshanyoosha miguu, soksi nyeupe, anachaji simu. Aliniuliza kama maji yalikuwa ya moto.

Jumamosi, 2 Agosti, asubuhi

Nimegundua kwamba mwenye nguvu hapa ni Mama Germaine. Ndiye anayesaidia kupika. Ndiye atakayetuita, na ndiye atakayehesabu vipande vya kuku mbele ya watu. Jina atakalolitaja kwanza ndilo la mkwe mkubwa. Nikampelekea kitenge kizuri, yadi sita, nikamweleza historia yote tangu 2012 kwa unyenyekevu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akapokea.

“Merci mingi, Papa Plamedi,” alisema. “Na Papa Jeancy amenipatia kimoja, tangu jana. Ile ile rangi.”

Papa Plamedi ni mimi, kwa jina la binti yangu; Papa Jeancy ni Hervé, kwa jina la mtoto wake. Yule mtu hana haya hata kidogo. Kumhonga mzee!

Jumamosi, saa nane mchana

Naandika haraka.

Saa sita wanawake walienda ziwani kuosha sahani. Chungu kilibaki peke yake juu ya mbabula, lile jiko la mkaa, makala yamepoa. Nilikuwa nimemsikia Julie akicheka jikoni, na mwanamke anayecheka jikoni ameficha kitu. Nia yangu ilikuwa kuangalia tu kama firigisi ipo. Niliingia. Nikafunua. Ilikuwepo, kubwa, imeiva, inang’aa.

Hapo nikafikiri. Ikibaki humu, Julie ataipenyeza kwenye sahani ya mumewe. Ikikaa kwangu, nitampa Mama Germaine saa ikifika, mkononi mwake, mbele ya mashahidi. Huo si wizi. Ni ulinzi. Nilichovya kidole mchuzini kwanza kuona kama ni wa moto, nikachana ukurasa wa shajara hii, nikaifunga, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Hatua! Mtu anakuja. Si Germaine. Si Julie. Mama Eugénie mwenyewe, na jiko lina mlango mmoja!

Mafuta yalikuwa yameanza kupenya kwenye shati. Ingekuwa ni kukiri kwa maandishi. Sikuwa na njia nyingine. Niliitia firigisi mdomoni, kuificha tu, nikageukia ukuta kama mkwe mwenye adabu, nikainamisha kichwa. Alisimama nyuma yangu. Hakusema neno, maana haruhusiwi kusema nami. Alisimama muda mrefu sana. Kisha akaondoka taratibu.

Hakuna binadamu anayeweza kukaa na firigisi mdomoni muda ule wote bila kutafuna. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Nimezunguka kijiji kizima nikitafuta kuku mwingine wa kununua. Wana samaki. Wana samaki wengi sana.

Jumamosi, jioni

Tuliitwa saa kumi. Mama Germaine alitaja majina yetu yote mawili kwa pumzi moja, ule ujanja wa vitenge viwili. Mimi na Hervé tuliingia tumeinamisha vichwa, tukibanana mlangoni, kila mmoja akisogea kuelekea kiti. Uani walikuwa wamekaa watu wa familia na majirani wawili watatu.

Mama Germaine alifunua chungu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Mapaja mawili. Mabawa mawili. Mgongo. Shingo. Akakoroga. Akakoroga tena. Akaweka mwiko chini.

Firigisi hakuna.

Kumwandalia mkwe kuku asiye na firigisi ni kumwambia ondoka. Na wanawake waliopika hawasahauliwi maisha yao yote, wataimbwa kisimani. Mama Germaine ndiye aliyeshinda na chungu kile tangu asubuhi. Watu walianza kumtazama yeye.

“Minye?” alisema, akijigusa kifua. “Munaniangaria minye? Nilikula firigisi ya bakwe, minye?”

Akaanza kulia. Nilisema upesi kwamba nimeona paka. Paka mweusi, mnene, alikuwa anaelekea ziwani. Nilikuwa naanza kueleza mkia wake nilipomwona Madeleine anatazama mfuko wa shati langu. Doa la mafuta, kubwa kama kiganja.

“Papa Plamedi,” alisema polepole, “sema weye, ao minye nitasema.”

Mama Germaine alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge changu. Ana miaka hamsini na minane, na harusi zote za Kinsanga amezipika yeye. Nikaona haya. Si haya ya kushikwa, hiyo naijua. Haya ya kweli. Nikasema. Nikasema niliichukua kwa usalama wa firigisi yenyewe. Nikatumia neno provisoirement, yaani kwa muda tu. Hervé alicheka mpaka akatafuta kitu cha kushikilia, akashika kiti, akakikalia. Nilimwona! Sikuweza kufanya lolote.

Ndipo Mama Eugénie akanigeukia. Akanitazama. Akasema nami, kwa mdomo wake, kwa mara ya kwanza tangu 2012.

“Nilikuona mu cuisine yangu. Matama imejaa, unaangaria ukuta sawa muntu wa azabu.” Akaacha kidogo. “Sikia. Mukwe haibake nyama mu nyungu. Mukwe anangojaka baite ye. Mwenye kuibaka mu nyungu ya mama, njo mutoto. Basi weye hauko tena mukwe. Uko mutoto yangu. Enda ukae kwa mukeka na batoto benzako.”

Watu walipiga makofi. Mama Germaine alicheka huku bado analia. Hervé peke yake ndiye aliyeingizwa: kiti, paja, tonge la kwanza, vigelegele. Mimi nilikaa mkekani kati ya Plamedi na Jeancy, magoti yamenifika kidevuni, nikapewa shingo. Jeancy alisema shingo ilikuwa zamu yake.

Mama Eugénie alipopita na jagi la maji aliweka mkono juu ya kichwa changu. Kidogo tu, kama anavyowafanyia wale wengine. Nilikaa vile vile mpaka alipomaliza kuzunguka, nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama.

Kisha watoto wakapelekwa ziwani kuosha vyungu, nami pamoja nao. Plamedi, binti yangu wa miaka tisa, alisema sijui kusugua.

Jumapili, 3 Agosti

Misa, makobo wa kukaanga, kuagana. Mama Eugénie aliniaga kwa jina langu, Godefroid, si kwa jina la mtoto. Madeleine alilia kidogo.

Tumerudi kwa jeep. Mimi nyuma, na kapu la samaki. Hervé aliniita “mutoto” mara tano kabla ya kufika barabara kubwa. Nilikuwa napiga hesabu.

Jumatatu, 4 Agosti

Hesabu imekamilika. Mama Eugénie ametamka mbele ya mashahidi wasiopungua kumi na wawili kwamba mimi ni mtoto wake. Vizuri. Mimi nina miaka arobaini na sita. Julie ana arobaini na minne. Madeleine ana thelathini na minane. Kwa hiyo kifungua mimba wa nyumba ile ni mimi!

Na kama kifungua mimba ni mimi, basi Hervé amemwoa mdogo wangu bila kunijulisha. Miaka sita! Hakunisalimia. Hakuniletea chochote.

Leo nimefungua kibanda changu cha kuchapa barua za watu mapema kuliko siku zote. Nimechapa barua kwa Hervé, kurasa mbili, nakala tatu, muhuri chini. Nadai mbuzi ambaye kaka mkubwa hupewa dada yake akiolewa, na pia kuanzia leo asimame ninapoingia.

Madeleine amesoma nakala jioni. Hakufoka. Aliniuliza tu, kwa upole, kama ni kweli mimi ni mtoto wa mama yake. Nikasema ni kweli kabisa, kuna mashahidi. Akasema basi mimi ni kaka yake. Akaingia chumbani, akatoka na godoro moja jembamba, akaliweka sebuleni, akarudi chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo.

Nimelitandika. Ni gumu, lakini linalalika. Kwenye barua nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu: mbuzi awe dume.